Desturi za Wafini: Kimya Chao na Kazi Yao ya Pamoja

Katika mtaa wa Baba Dogo, ulioko upande wa mashariki wa Nairobi, siku haianzi bila sauti. Wafanyakazi huteremka kwa miguu kwenda viwandani, makanga huita abiria wa matatu, na jirani hawezi kumpita jirani pasipo kumwuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi. Apitaye kimya husemwa kuwa ana kiburi. Basi mtu wa hapo akifika Ufini, nchi ya kaskazini ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 5.6, limshangazalo zaidi si baridi wala theluji, bali ni kimya.

Kwenye kituo cha basi watu husimama mbalimbali, kila mmoja na nafasi yake. Ndani ya basi, mtu hutafuta kiti ambacho hakina jirani. Wapangaji wa ghorofa moja hupandana ngazi kwa kuinamisha kichwa tu. Mgeni hudhani kwamba anadharauliwa kwa ajili ya rangi yake. Ni kweli kwamba ubaguzi upo: uchunguzi wa Umoja wa Ulaya uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Ufini ndiyo iliyoongoza, kati ya nchi 12 zilizochunguzwa, kwa watu weusi waliosema wamesumbuliwa kwa sababu hiyo. Walakini kimya ni jambo jingine. Wafini hufanyiana hivyo wao kwa wao, kwa kuwa kwao kumwacha mtu na mawazo yake ni heshima.

Mlango ukifunguliwa, mgeni huona upande wa pili. Akialikwa saa nane, imempasa afike saa nane. Huvua viatu mlangoni, hupeana mkono na kila mtu, hata watoto, kisha huletewa kahawa na mkate mtamu. Wafini ni miongoni mwa watu wanywao kahawa nyingi kupita wote duniani.

Heshima kubwa zaidi ni kukaribishwa sauna, yaani chumba cha mbao chenye mawe ya moto, ambayo hunyunyiziwa maji hata mvuke ukajaa. Husemwa kwamba nchi nzima ina sauna zipatazo milioni 3. Watu huingia uchi, kwa kawaida wanaume mbali na wanawake, isipokuwa jamaa wa nyumba moja. Jambo hili humwia zito mtu wa kwetu, ambaye kwake kumwona mkwe akiwa mtupu ni laana. Naye akikataa kwa adabu, halaumiwi. Lakini humo ndani cheo hakina mahali, na mkurugenzi na karani huketi ubao mmoja. Katika majumba mengi ya ghorofa sauna ni moja kwa wapangaji wote, na kila jamaa hupewa saa yake kila juma. Mtu aliyewahi kugombea bafu la ploti asubuhi atajua thamani ya zamu kama hiyo.

Tena iko desturi iitwayo talkoot. Theluji ikiisha kuyeyuka, wakazi wa jengo moja hukutana uani siku iliyopangwa, wakiwa na reki na mafagio. Wale wale wasiosemeshana ngazini huzoa majani makavu, husafisha njia na kutengeneza viti vya nje. Hakuna alipwaye. Kazi ikiisha, huchoma soseji na kunywa kahawa pamoja.

Sisi neno letu la Harambee limeandikwa kwenye ngao ya taifa. Walakini mijini mara nyingi limebaki kuwa mchango wa fedha kwa arusi, matanga na hospitali, na mtaro uliojaa takataka mbele ya ploti huachiwa serikali ya kaunti. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilizofurika Nairobi na kuua watu zilituonyesha kwamba maji hayamngoji mtu.

Sisemi kwamba Wafini wametushinda kwa utu. Kwao watu zaidi ya milioni moja huishi peke yao, na mzee aweza kumaliza siku nyingi pasipo kusemeshwa. Baba Dogo mtu akiugua asubuhi, jioni ploti nzima ina habari, na uji umekwisha kuletwa. Salamu zetu, basi, ni mali, nasi tusiziache. Lakini wapangaji wanaojuana kwa majina wangeweza, kwa urahisi kuliko Wafini, kutenga asubuhi ya Jumamosi moja kila mwezi, wakatoka na majembe na toroli, wakazibua mtaro wao kabla ya masika, kisha wakanywa chai pamoja.