Barua Ilikuwapo

Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Nina umri wa miaka 36 na nina cheti cha kazi hii. Nasimamia madarasa ya kisomo katika vijiji vinne vya mkoa wa Singida. Leo nataka kukueleza kosa langu. Wanakisomo wenyewe wameniambia niliandike, ili mwingine asilirudie.

Barua yetu

Darasa letu hukutana saa kumi alasiri katika chumba cha shule ya msingi. Mwaka 2023 darasa lilikuwa na watu 24. Wengi wao walikuwa wamepita umri wa miaka 45.

Mtu akifika umri wa miaka 40 hivi, macho yake huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Hajarogwa. Ni umri tu. Anaweza kumwona ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, lakini haoni herufi zilizo mbele ya pua yake. Mtu wa namna hiyo husaidiwa na miwani ya kusomea.

Bibi mmoja alikuwa akisoma huku akisogeza kitabu mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Siku moja alisema, "Mwalimu, mkono wangu umekuwa mfupi." Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Tulipata habari kwamba wataalamu wa macho wa hospitali moja hufika mjini kwetu mara chache kwa mwaka. Hupima watu na kuwapa miwani kwa bei nafuu. Basi darasa likaamua kuandika barua. Tuliifanya kazi hiyo kwa jioni mbili. Bibi yule alitaja maneno, kijana mmoja akayaandika ubaoni, wengine wakasahihisha. Mwishoni watu 11 waliohitaji miwani waliandika majina yao kwa mikono yao wenyewe. Hakuna aliyetia dole gumba.

Ilikuwa barua ya kwanza ya darasa lile. Niliipiga picha, nikaituma kwa barua pepe kutoka simu yangu.

Pengine utauliza, barua pepe ni kitu gani? Ni barua inayosafiri kwa mtandao wa kompyuta. Si jambo la jana. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima hapa Tanzania. Mwaka uliofuata, 1971, mhandisi mmoja huko Marekani, jina lake Ray Tomlinson, alituma barua kwa mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Yeye ndiye aliyeichagua alama ya @ tunayoiona katika anwani za barua pepe. Upande mmoja wa alama hiyo ni jina la mwenye barua. Upande wa pili ni jina la mahali barua zake zinapotunzwa.

Simu yanyamaza

Siku mbili baada ya kutuma barua, simu yangu ilileta tangazo. Ilisema kuna sasisho. Sasisho ni marekebisho ya programu, yaani maagizo yanayoiendesha simu. Watengenezaji huyatoa ili kurekebisha kasoro na kuziba mianya ambayo wezi wanaweza kupitia. Ni jambo jema. Nilikubali.

Simu ikazima, ikawaka, ikaanza kuniuliza maswali. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi darasani. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali. Sikusoma hata swali moja.

Tangu siku ile hakuna barua pepe iliyoingia. Lakini sikushtuka. Simu iliita kama kawaida. Ujumbe mfupi uliingia kama kawaida. Nikadhani kila kitu ni kizima.

Kila siku ya darasa wanakisomo waliniuliza, "Mwalimu, tumejibiwa?"

Nami nilijibu, "Hakuna barua."

Wiki ya pili mzee mmoja alisema, "Labda tuliandika vibaya." Mwingine akasema, "Labda mwandiko wetu umewachekesha." Niliwaambia wakubwa wana shughuli nyingi, tusubiri. Wiki ya tatu yule bibi hakuja darasani. Mzee aliyesema tuliandika vibaya naye hakuja.

Siku ya 23 nilikwenda mjini kikazi. Mwenzangu mmoja aliniazima kompyuta yake nifungue barua zangu. Nilikuta barua mbili kutoka hospitali ile.

Ya kwanza ilifika siku ya nne tu baada ya sisi kutuma yetu. Ilisema: barua yenu tumeipokea na tumeielewa vizuri. Wataalamu watakuwa mjini kwa siku tatu. Leteni watu wote 11. Ya pili iliuliza kama tutakuja.

Nilitazama tarehe. Siku zile tatu zilikuwa zimepita. Wataalamu walikuwa wameondoka siku nne kabla.

Ndugu msomaji, nilikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya kompyuta ile.

Tarishi aliyelala

Mwenzangu alisema, "Barua zinaonekana kwenye kompyuta, hazionekani kwenye simu. Basi aliyetuma hana kosa, na anayezitunza hana kosa. Kosa liko kwenye simu yako. Tuikague."

Ili uelewe, fikiria sanduku la posta. Barua ikifika mjini, inalala ndani ya sanduku. Haiji kijijini kwa miguu yake. Lazima tarishi aende, afungue sanduku, ailete. Barua pepe nayo hulala katika kompyuta kubwa ya mtunzaji, mbali na wewe. Ndani ya simu yako kuna programu inayofanya kazi ya tarishi. Huzileta barua bila wewe kuiagiza kila mara. Lakini tarishi huyo akizuiwa, barua zitabaki sandukuni, na wewe utasema hakuna barua.

Sasisho linaweza kubadili amri za tarishi. Nawe mwenyewe unaweza kuzibadili kwa kubonyeza bila kusoma.

Namna ya kukagua

Tulikagua kwa utaratibu. Nawe fuata utaratibu huu. Usiruke hatua.

1. Tazama kama simu ina bando na mtandao. Usidanganyike kwa sababu simu inaita. Kupiga simu na ujumbe mfupi havitumii bando la intaneti. Fungua ukurasa wowote wa intaneti. Ukifunguka, njia ni nzima.

2. Fungua programu ya barua pepe. Weka kidole juu ya orodha ya barua, vuta kuelekea chini, kisha achia. Hapo umemwambia tarishi, "Nenda sasa hivi." Mimi nilipofanya hivyo, barua zilimiminika kama mahindi kutoka guniani. Basi tukajua tarishi hajafa, ila amezuiwa kwenda mwenyewe. Tazama pia mahali pa barua taka, maana barua njema huweza kutupwa humo kwa makosa.

3. Fungua mipangilio ya simu. Tafuta sehemu ya akaunti. Humo kuna kitufe cha kusawazisha. Kusawazisha ni kuzifanya barua zilizo kwenye simu zilingane na zile zilizo kwa mtunzaji. Kitufe hicho kikizimwa, barua haziji zenyewe. Changu kilikuwa kimezimwa. Kwenye iPhone utachagua barua ziletwe mara zinapofika, au simu ikazichukue kila baada ya muda, kwa mfano dakika 15 au 30, au ungoje mpaka ufungue mwenyewe. Tazama umechagua nini.

4. Tazama sehemu ya betri. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, simu za Android huwa na utaratibu wa kulala zisipoguswa, ili kutunza betri. Tena kuna kiokoa betri, ambacho huzibana programu zaidi. Ruhusu programu ya barua ifanye kazi hata simu ikiwa imelala. Tazama pia kiokoa data, kwa sababu nacho huzuia programu kutumia bando wakati huziangalii.

5. Tazama arifa. Arifa ni ile kengele au maandishi yanayokuambia kwamba barua imeingia. Tangu toleo la 13 la Android, la mwaka 2022, programu lazima ipewe ruhusa kabla ya kuleta arifa. Bila ruhusa hiyo, barua itaingia kimyakimya.

6. Tazama kama programu inakuomba nywila, yaani neno lako la siri. Baada ya sasisho huweza kuliuliza upya. Liandike wewe mwenyewe ndani ya programu. Usimtajie mtu anayekupigia simu, hata akijiita fundi. Tena tazama nafasi. Gmail, kwa mfano, hukupa GB 15 bure, na nafasi hiyo hutumiwa na barua pamoja na picha na mafaili uliyohifadhi huko. Ikijaa, hutapokea barua mpya.

7. Kama bado, tafuta sasisho la programu ya barua yenyewe. Simu ikiwa mpya na programu ikiwa ya zamani, huenda zisielewane. Kisha zima simu na uiwashe tena. Kuondoa akaunti na kuiweka upya iwe hatua ya mwisho kabisa. Kwanza hakikisha unaikumbuka nywila, na kwamba barua zako zote zipo kwa mtunzaji. Simu nyingine zimewekwa zichukue barua bila kuacha nakala sandukuni. Ukiondoa akaunti hapo, barua zimepotea.

8. Mwisho, jaribu. Mwombe mtu akutumie barua. Weka simu mezani, usiiguse. Subiri robo saa au zaidi. Barua ikija yenyewe, kazi imekwisha. Usiondoke kabla ya kujaribu.

Kwangu makosa yalikuwa mawili. Kiokoa betri kilikuwa kimewashwa, na kitufe cha kusawazisha kilikuwa kimezimwa. Ndipo nilipokumbuka. Simu iliniuliza kama nataka izibane programu ili kutunza betri. Mimi nikabonyeza kubali. Mwalimu wa kusoma, sikusoma.

Nilivyowaambia wanakisomo

Kesho yake sikufundisha. Niliwasomea barua zote mbili. Nilipofika pale palipoandikwa "tumeielewa vizuri", nilisoma mara mbili. Kisha nikawaeleza kwamba barua ilifika mapema, na kwamba kosa lilikuwa langu.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa yule bibi. Alikuwa akipepeta mtama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka ungo chini, akasema, "Mwalimu, siku zote zile ulituambia hakuna barua. Ulikuwa umeangalia?"

Nikasema, "Nilikuwa nangoja simu iniambie."

Akasema, "Basi ungesema hujui. Mtu akiambiwa hakuna, anakata tamaa. Akiambiwa sijui, atasema twende tukaangalie."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu vingi vya kazi yangu. Sijakuta somo linalozidi hilo.

Darasa liliandika barua ya pili. Safari hii hatukungoja simu. Kila siku ya darasa, mwanakisomo mmoja kwa zamu aliivuta orodha ya barua kwa kidole chake, mbele ya wote, akasoma kilichoandikwa. Jibu lilikuja siku ya sita. Mwezi Septemba watu tisa walikwenda mjini, wakapimwa. Yule bibi alipata miwani yake. Siku aliporudi darasani alikishika kitabu karibu na kifua, akasoma ukurasa mzima bila kunyoosha mkono.

Waliotakiwa kwenda walikuwa 11. Mmoja alikuwa amehama. Wa mwisho ni yule mzee aliyesema labda tuliandika vibaya. Nilikwenda kwake mara tatu. Alinipokea vizuri, akanipa uji, lakini darasani hakurudi. Jina lake bado limo katika daftari la mahudhurio. Sijalifuta.

Kwa hiyo, simu yako ikinyamaza baada ya sasisho, usiseme hakuna barua. Fungua, uangalie mwenyewe. Na simu ikikuuliza swali, lisome kabla ya kujibu. Kama hulielewi, uliza. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mwalimu hakujua kwamba barua zake haziingii?
2. Barua pepe hutunzwa wapi kabla haijafika kwenye simu?
3. Kuna tofauti gani kati ya kusema "hakuna" na kusema "sijui"?
4. Je, umewahi kukubali jambo bila kulisoma? Eleza lililokupata.
5. Darasa lifanye nini ili yule mzee arudi?