Siku Mbili katika Mji wa Buluu

Iwapo safari ya kikazi, ya masomo au ya kumtazama jamaa itakufikisha Moroko, nawe ukabakiwa na siku mbili za mapumziko, panda milima ya Rif ukauone mji wa Chefchaouen. Lakini kabla ya kufunga mizigo, yafaa ujue unakwenda kuona nini. Wengi huenda huko kupiga picha za kuta za buluu, kisha huondoka siku ile ile bila kutambua kwamba walikuwa ndani ya ngome.

Mji huo uliasisiwa mwaka 1471 na Moulay Ali ibn Rashid ili kuwakabili Wareno, ambao tangu mwaka 1415 walikuwa wameuteka mji wa Ceuta ulioko pwani. Nyuma yake vimesimama vilele viwili mfano wa pembe, na jina lenyewe hudhaniwa kuwa limetokana na neno la Waberberi lenye maana hiyo. Granada ilipoanguka mwaka 1492, Waislamu na Wayahudi waliokimbia Hispania walipata hifadhi huko. Ndiyo sababu paa za vigae na nyua za ndani hufanana na zile za Andalusia.

Kwa karne nyingi mgeni Mkristo hakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1883 Mfaransa Charles de Foucauld alipenya kwa kujifanya Myahudi. Mwaka 1920 majeshi ya Hispania yaliuteka mji; mwaka 1924 yakaondoka kwa shinikizo la wapiganaji wa Abd el-Krim; mwaka 1925 mabomu yakadondoshwa kutoka angani na marubani wa Kimarekani waliojitolea; mwaka 1926 Wahispania wakarejea, wakatawala hadi uhuru wa mwaka 1956.

Sasa tupange safari. Reli haifiki Chefchaouen. Ukitokea Tangier, alikozaliwa Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, basi huchukua saa mbili hadi tatu. Ukitokea Fez, yapata saa nne. Kata tiketi mapema. Miezi ya Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo yenye hali nzuri ya hewa. Wakati wa kipupwe huwa kuna mvua na baridi kali, hivyo sweta ni lazima. Viatu viwe vya kutembelea, kwani vichochoro ni vya ngazi na mawe.

Siku ya kwanza, anzia uwanja wa Uta el-Hammam. Hapo utaona ngome ya kale, ambayo sasa ina makumbusho, na msikiti mkuu wenye mnara wa pembe nane. Asiye Mwislamu huutazama msikiti kwa nje. Jioni, panda kilima chenye msikiti uliojengwa zama za Wahispania. Kutoka hapo mji wote huonekana jua likichwa.

Siku ya pili, amka alfajiri, ukatembee kabla ya vichochoro kujaa watalii. Fika chemchemi ya Ras el-Maa, maji ya mlimani ambayo akina mama hufulia nguo. Ikiwa ni Jumatatu au Alhamisi, nenda sokoni, ambako wanawake wa vijijini, wakiwa wamevaa kofia pana za ukindu na vitambaa vya mistari, huuza mazao yao na jibini ya maziwa ya mbuzi. Ukiuliza sababu ya rangi ya buluu, mmoja atasema ililetwa na Wayahudi, mwingine kwamba hufukuza mbu, wa tatu kwamba huburudisha macho. Sikiliza wote.

Aidha, huenda kijana akakunong'oneza habari za bangi, maana hulimwa katika milima hiyo. Kataa kwa upole na uendelee na njia yako. Sheria ya Moroko hairuhusu kuivuta kwa starehe.

Mwisho, kumbuka kwamba mlango ule wa buluu unaokuvutia ni wa nyumba ya watu. Toa salamu kwanza, omba ruhusa ya kupiga picha, na ukikataliwa, shukuru. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zako ni mbili tu. Zitumie kwa adabu, katika mji ambao watu wake waliulinda kwa damu.