Kasha la Mwanagenzi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo humwonya mwanadamu asighurike na sura ya nje, kwani kijaluba kilichonakshiwa kwa rangi za kuvutia huenda kikawa hakina chochote ila ukuni. Hata hivyo, dunia ya leo imezaa mkakasi wa aina nyingine, ambao wahenga hawakuutungia methali: chombo ambacho hazina iliyomo ndani yake ni ya kweli, lakini chenyewe ni dhaifu kiasi cha kushindwa kuihifadhi. Mfano mzuri wa mkakasi huo ni makasha ya kadibodi yanayouzwa nchini Marekani na kwingineko kwa watu wanaoanza kujifunza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika.

Mchezo wa aina hii si mgumu kueleweka na mtu aliyelelewa kwa ngano. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Yeye ndiye aijuaye njia, pango na zimwi lililojificha pangoni. Wenzake hawaitikii "pakawa" kisha wakanyamaza hadi hadithi iishe. Kila mmoja humiliki mhusika wake, akaamua atakalotenda na atakalosema. Penye shaka, kwa mfano iwapo upanga utampata adui au utamkosa, dadu hutupwa na nambari ikatoa hukumu. Bao la kete huchongwa katika mti mzito, likarithiwa na wajukuu. Mchezo huu, kwa upande wake, hauhitaji ubao. Makao yake ni vinywani mwa wachezaji. Ukiondoa vijitabu vichache, karatasi na dadu, hauna kitu cha kushikika isipokuwa kasha lenyewe. Kwa mwanagenzi, kasha ndilo kiwiliwili cha mchezo.

Mwanamume mmoja wa mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, aliujua mchezo huo tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alizawadiwa kasha jekundu, toleo la mwaka 1983, akacheza na wenzake wa mtaani hadi alipomaliza shule. Baadaye masomo, kazi na ndoa vikamtenga na mchezo, nalo kasha likazikwa chini ya nguo kuukuu katika chumba cha chini ya nyumba. Binti yake alipofikia umri huo huo, baba aliona kuwa wakati umewadia wa kumkabidhi alichopewa. Hakutaka kumpa masalio. Alitaka binti aanze na chake mwenyewe, kipya, chenye harufu ya wino. Mwezi wa Desemba, theluji ilipokuwa imewafungia watu majumbani, akamnunulia kasha la wanagenzi. Jina la kampuni iliyolitengeneza halina haja ya kutajwa, kwa kuwa kosa lililofuata si lake peke yake.

Kasha lilipendeza macho. Juu yake palichorwa joka lenye mabawa, na rangi zilimetameta kama hariri. Lilikuwa pana na la kina, lakini vilivyomo havikujaza hata nusu ya nafasi yake: vijitabu viwili, karatasi za wahusika, na mfuko mdogo wa dadu za nyuso mbalimbali, kuanzia ile ya nyuso 4 hadi ile ya nyuso 20. Chini yake palitiwa kadibodi iliyokunjwa mfano wa daraja, ili vijitabu viinuke na kasha lionekane limejaa. Binti alipolitikisa, lililia kama kayamba. Usiku huo wa kwanza kifuniko kiligeuzwa kikawa uwanja wa kutupia dadu zisiviringike hadi sakafuni, na nyumba ikajaa vicheko hadi saa nne.

Haukupita muda mrefu kabla pembe moja ya kifuniko kuachana na gundi. Wiki iliyofuata ikaachana ya pili. Mtu mmoja aliweka vitabu vizito juu ya kasha bila kufikiri, nalo, kwa kuwa ndani lilikuwa tupu, likabonyea katikati kama paa la makuti lililooza. Kisha jioni moja binti alipokuwa akilibeba kutoka chumbani mwake, upande mzima ukafunguka. Vijitabu vikaanguka miguuni pake na dadu zikatawanyika. Zote zilipatikana isipokuwa moja. Dadu ya nyuso 20, ile inayoamua takriban kila jambo kubwa katika mchezo, iliviringika hadi kwenye tundu la sakafuni linalopitisha hewa ya moto wakati wa baridi, ikapenya kwenye kichujio chake na kutumbukia.

Binti hakulia. Aliokota vijitabu, akavipanga juu ya meza, akalitazama kasha kwa muda.

"Baba," akasema, "nadhani hiki kilikuwa cha kujaribia tu. Kingekuwa cha kuchezewa kweli, wangekifanya kigumu."

Baba alitafuta jibu, asilipate. Wiki mbili zikapita bila mtu kuutaja mchezo.

Kauli ya mtoto huyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya mwanagenzi kusoma hata kanuni moja, kasha limekwisha kumweleza jinsi alivyopimwa na waliomuuzia. Pembe zilizoshikizwa kwa tone la gundi humwambia kuwa yeye ni mpita njia. Huambiwa kimyakimya kuwa hatarajiwi kulifungua kasha mara mia moja. Kwamba atajaribu, kisha ama aache, ama anunue vitabu vikubwa na kulitupa kasha jaani.

Ni haki pia kuwasikiliza watengenezaji, kwani msema pweke hakosi. Makasha ni ya namna mbili kuu. Kuna kasha gumu, ambalo hutengenezwa kwa kadibodi nene ya kijivu, pembe zake zikaungwa kwa utepe kisha likavishwa karatasi yenye picha. Kasha hilo likisha kuundwa halikunjiki tena. Lisafirishwapo kutoka kiwandani likiwa tupu, hewa iliyomo nayo hulipiwa nauli. Kuna pia kasha la kukunjwa, la karatasi nzito isiyofikia unene wa milimita moja. Hilo hukatwa kwa mashine na kusafirishwa likiwa bapa, maelfu kwa maelfu kwa shehena moja, kisha likakunjwa na kujazwa. Tofauti ya gharama ni dhahiri. Isitoshe, seti ya kuanzia haina budi kuuzwa kwa bei nafuu. Mwaka 2014 seti ya kuanzia ya Dungeons & Dragons, mchezo mashuhuri kuliko yote ya aina hii, iliuzwa dola 19.99, ilhali kila kimoja cha vitabu vyake vikuu vitatu kiliuzwa dola 49.95. Mlango ukiwa wa bei ghali, maskini hataingia. Ikiwa unyonge wa kasha ndio unaompa mtoto wa mnyonge nafasi ya kucheza, nani atathubutu kuushutumu bila kusita?

Hata hivyo, hoja hiyo haielezi kila kitu. Haielezi kwa nini kasha lifanywe kubwa kuliko vilivyomo, ilhali kasha dogo lingetumia karatasi kidogo na kuwa imara zaidi. Ukubwa huo ni wa kumvutia mnunuzi rafuni. Yaani fedha ambazo zingeimarisha pembe zimetumiwa kununua macho ya wapita njia, na mwenye kasha akaachiwa hewa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ajabu ni kuwa hapa chema chenyewe ndicho kilicholazimishwa kujitembeza.

Historia ya mchezo wenyewe inaonyesha kuwa umaskini wa vifaa haukuwa aibu hata kidogo. Dungeons & Dragons ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, kupitia kampuni changa ya TSR katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, usio mbali na Milwaukee. Nakala 1,000 za kwanza, zenye vijitabu vitatu kila moja, zilipangwa kwa mikono katika makasha yaliyovishwa karatasi iliyofanana na ubao, zikauzwa dola 10. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, makasha ya wanagenzi yalitiwa karatasi ngumu yenye nambari. Mchezaji alizikata, akazitia kikombeni, akachomoa moja bila kutazama. Hata toleo jekundu la mwaka 1983, lililoandikwa upya na Frank Mentzer na kuchorwa jaladani na Larry Elmore, lilikuwa na dadu sita ambazo nambari zake hazikuwa na rangi. Mtoto alipewa kalamu ya nta azipake mwenyewe. Vifaa hivyo vilikuwa duni, lakini vilimshirikisha mwanagenzi. Vilimwambia kuwa kazi haijakamilika hadi mkono wake uguse.

Yamkini ni kumbukumbu ya kalamu hiyo ya nta iliyompeleka baba kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alikuwa akitafuta dadu tu. Alilikuta kasha lake likiwa limefifia rangi, wekundu wake umegeuka kuwa wa matofali, lakini likiwa zima. Alishangaa. Katika kumbukumbu zake kasha hilo lilikuwa gumu kama bati, na sasa, akilishika kwa vidole vya mtu mzima, alitambua kuwa karatasi yake haikuwa nene hivyo. Alipokifungua kifuniko ndipo alipojua siri. Kila pembe, kwa ndani, ilikuwa imebandikwa utepe wa kitambaa cheusi, umekatwa kwa makasi ya mshonaji na kukunjwa kwa ustadi, ili picha ya nje isiharibike. Hakuwa ameifanya kazi hiyo yeye.

Mama yake alikuwa mshonaji. Hakuwahi kuucheza mchezo huo wala kuuelewa. Miaka hiyo ya themanini baadhi ya wazazi na wahubiri nchini Marekani waliushuku mchezo kuwa ni mlango wa uchawi, na shutuma hizo zilifika hadi kanisani kwake. Mwanawe alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akisimama mlangoni mwa chumba, uso umekunjamana, akiwasikiliza wavulana wakinena habari za mazimwi na mizimu, kisha akaondoka bila neno. Aliyadhania macho hayo kuwa ya lawama. Kumbe mtu huyo huyo, usiku fulani usiojulikana, aliketi na kasha ambalo pengine lilimtia hofu, akaliimarisha pembe moja baada ya nyingine, asimwambie yeyote. Sasa hakuwepo tena wa kuulizwa wala wa kushukuriwa. Baba alikaa juu ya ngazi za chumba kile, kifuniko kikiwa magotini, hadi binti alipomwita mara ya pili.

Alipanda na dadu ya nyuso 20 kiganjani. Nta nyeupe iliyopakwa na mvulana wa miaka 11 ilikuwa ingali imebaki katika baadhi ya nambari. Binti aliipokea, akaigeuzageuza, kisha akaliona kasha na tepe zake.

"Nani alifanya hivi?"

"Nyanya yako."

"Alikuwa akicheza?"

"La. Hakucheza hata siku moja."

Binti alifikiri kidogo, akaenda kuleta makasi.

Mjini Rochester, jimbo la New York, kuna jumba la makumbusho la The Strong, lenye orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea. Dungeons & Dragons uliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2016. Lakini ulitanguliwa kwa miaka 11 na kitu kisichouzwa kama kichezeo: kasha tupu la kadibodi, lililoingizwa mwaka 2005 kwa kuwa mikononi mwa mtoto hugeuka nyumba, meli au ngome. Waliotoa heshima hiyo walitambua jambo ambalo watengenezaji wengi husahau, kwamba mtoto hatofautishi kifungashio na kilichofungwa. Kwake vyote ni mchezo, na kipasukapo kimoja, kingine nacho hutia shaka.

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Anayemuuzia mwanagenzi anauza kokochi, na si haki kulidharau kwa kuwa halijawa nazi. Haihitajiki dhahabu wala bati. Kasha dogo linalotosha vilivyomo na pembe zilizoungwa vyema vingemtosha mwanagenzi, na picha ya joka ingepungua upana bila joka kupungua makali. Hadi hapo watengenezaji watakapolikubali hilo, ufa utaendelea kuzibwa na wengine, nao si lazima wawe wapenzi wa mchezo. Huko Milwaukee, kasha la binti sasa lina tepe nne za kitambaa upande wa ndani. Zimekatwa kombokombo, mojawapo imejikunja, na kifuniko hakifungi sawasawa. Lakini kila Ijumaa jioni hufunguliwa.