Mwenye Kovu

Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa miaka mingi niliielewa methali hii kama onyo kwa mnunuzi. Ukiona alama ya jeraha, jihadhari, maana huenda ugonjwa ungali ndani. Gari moja kuukuu ndilo lililonifanya niifikirie upya, na ada ya somo hilo haikuwa ndogo.

Ilikuwa mwaka wa 2012, mjini Nairobi. Nilikuwa nimekopa shilingi 600,000 kutoka chama chetu cha akiba na mikopo, nikidhaminiwa na walimu wenzangu watatu. Mke wangu alijua kwamba nakwenda kununua gari. Hakujua ni gari la namna gani. Nilimwambia ni gari la kutupeleka shambani. Moyoni nilitaka Subaru Impreza WRX. Wa rika langu watanielewa. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally kwa Impreza, na mwaka wa 2000 Richard Burns naye akashinda kwa gari la ukoo huo huo. Sisi tuliosimama kando ya njia tukila vumbi lao hatukupona.

Jumamosi moja nilikwenda kuona magari mawili, yote ya mwaka wa 1999, yote yaliyoshushwa Mombasa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. La kwanza lilikuwa la rangi ya fedha, limeng'arishwa hadi unajiona usoni. Mwenyewe aliapa kwamba giaboksi yake haijawahi kuguswa na spana. La pili lilikuwa la buluu, mali ya bwana mmoja wa makamo. Kabla sijauliza lolote, alinikabidhi bahasha ya kaki iliyojaa risiti: giaboksi ya mtumba, 2009, klachi mpya, 2010, beringi za magurudumu ya nyuma, 2011. Moyo ulinishuka. Nikajisemea, huyu ni mgonjwa wa kudumu. Afadhali lile lisilo na kovu.

Nilikuwa nimeandamana na fundi mmoja mzee mwenye kibanda karibu na Barabara ya Kirinyaga. Njiani alikuwa amenieleza udhaifu wa magari haya. Injini yake ya lita mbili, yenye turbo, ilitangazwa huko Japani kuwa na nguvu za farasi 280. Nguvu zote hizo hupitia giaboksi ya gia tano, kisha hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili, ukiliondoa kwa fujo, tairi huteleza na nguvu ikapotea hewani. Hili haliteleza kwa urahisi, kwani magurudumu manne yanaishika lami. Basi pigo lote huangukia meno ya gia. Ndiyo sababu, alisema, watengenezaji walipotoa STI ya kizazi cha pili waliitia giaboksi mpya ya gia sita, iliyo imara zaidi.

Kwenye lile la fedha hakuanza na injini. Alianza na tairi. Za mbele zilikuwa mpya, za nyuma zimelika. Akatikisa kichwa. Katikati ya gari hili, alinieleza, mna difu yenye majimaji mazito ambayo huruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane kidogo kwenye kona. Tairi zikitofautiana mzingo, kifaa hicho hufanya kazi bila kupumzika, kikapata moto, na mwishowe kikagandamana. Akaniambia nikunje usukani hadi mwisho na kulizungusha gari polepole. Likawa zito, kana kwamba kuna mtu amekanyaga breki, na tairi zikalia juu ya sakafu. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akaipaka kidoleni na kuielekeza kwenye jua. Ilimetameta kwa unga wa chuma. Mwisho akalala chini ya gari na kuniita nitazame. Bolti za giaboksi zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Mwalimu," alininong'oneza, "hili limefunguliwa. Aliyelifungua ndiye asiyetaka tujue."

Lile la buluu lilikuwa na tairi nne za aina moja zilizolika sawasawa. Lilizunguka bila kinyongo. Oili ilikuwa safi. Tulipolipeleka barabarani, fundi aliniamuru nitie gia ya nne nikiwa katika mwendo mdogo, kisha nikanyage mafuta kwa nguvu. Klachi iliyochoka ingeliacha injini ipige kelele huku gari halikimbii, hii ilishika. Katika gia ya tatu, nilipoondoa mguu, nilisikia mvumo mwembamba. "Huo ni uzee," alisema, "si ugonjwa. Ukianza kuongezeka, uniletee."

Tuliporudi, alimgeukia mwenye gari. "Bwana, giaboksi ile ya kwanza aliivunja nani?"

Yule bwana alinyamaza, akaitazama bahasha yake. "Ni mimi," alisema. "Nilishindana na kijana mmoja kwenye taa za barabarani. Nikaiachia klachi ghafla."

Tulipokuwa tukienda zetu, mzee alisema: "Giaboksi haivunjiki yenyewe. Ukishajua nani aliivunja na kwa nini, ndipo unaweza kusema imepona au haijapona. Sasa limebaki swali moja. Wewe utaliendesha vipi?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Nililinunua lile la buluu kwa shilingi 560,000. Miezi tisa lilikwenda kama saa, hata shambani lilikwenda. Kisha siku moja ya mwaka wa 2013 nilimpakia shemeji yangu mdogo, kijana aliyependa magari kama mimi. Barabara ilikuwa tupu. Nilipandisha injini, nikaachia klachi, nikavuta gia ya pili kabla hata ya kuvuta pumzi. Sauti iliyofuata ilikuwa kama mkebe wa misumari uliomwagwa ngazini. Shemeji alitazama nje ya dirisha, asinione uso.

Matengenezo yalifika shilingi 75,000. Fedha hizo tulikuwa tumeziweka kwa karo ya binti yetu. Mke wangu hakunifokea. Aliuliza tu, "Baba nanihii, hili ndilo gari la shambani?" Binti yetu alirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzake, na muhula ule nilikuwa nikifundisha watoto wa watu huku nikimfikiria wangu.

Hapo ndipo niliporudi kwenye methali. Ni kweli, mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini kovu la gari lile lilikuwa limepoa kabisa. Lililokuwa halijapoa ni langu, lile la kijana aliyekula vumbi kando ya njia na kutaka siku moja asifiwe. Siku ile ya ukaguzi tulipima tairi, oili, difu na klachi. Kitu kimoja tu hatukukipima, nacho ni mtu aliyekuwa na fedha mkononi. Mzee alijaribu, nami nikacheka.

Mwaka wa 2016 niliamua kuliuza. Rafiki mmoja alinishauri niichome bahasha, kwani bila risiti zile ningepata bei nzuri zaidi. Usiku wa kuamkia siku ya mnunuzi niliitoa risiti yangu ya 2013 na kuificha kabatini, nikaziacha za yule bwana. Makovu yake niliyaona yanasemeka. Langu sikuliona hivyo.

Asubuhi alikuja kijana aliyeoa juzijuzi, bila fundi, na fedha za mkopo kama zangu. Alilizunguka gari akitabasamu. Niliitambua tabasamu ile. Nikaingia ndani, nikaitoa ile karatasi na kuirudisha bahashani, kisha nikampa yote.

Alisoma moja baada ya nyingine. "Mzee, hii ya 2013 ilikuwaje?"

"Niliivunja mimi," nilimjibu. "Nilitaka kusifiwa na shemeji."

Alinipunguzia shilingi 50,000, nikakubali. Nilipokuwa nikimkabidhi funguo nilimwuliza, "Na wewe, utaliendesha vipi?"

Akacheka.