Sehemu ya 5: LUKU ya mama na jiko la mkaa chumbani

Nimetoka zamu ya usiku, chai nimekunywa, vidole vimepata moto, sasa naweza kuandika.

Kuna dada kaniuliza inboksi: "Sista, baridi ya Njombe inatumaliza na LUKU nayo inatumaliza, tufanyeje?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Hilo jambo lina historia nyumbani kwetu, na sehemu yangu kwenye hiyo historia si nzuri.

Mama yangu anakaa Makambako na mjukuu wake, mtoto wa kaka. Mimi kazi yangu iko Njombe mjini, kilomita kama 60 hivi. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, simu ikaita saa kumi na mbili asubuhi. Ni yule mtoto. "Shangazi, shikamoo. Bibi haamki vizuri." Nikamuuliza haamki vizuri kivipi. "Anaongea vitu havieleweki. Na jiko liko humu ndani."

Hapo usingizi uliniisha wote. Nikamwambia fungua mlango, fungua madirisha, kimbia kwa jirani mje mumtoe nje haraka. Wakamtoa kibarazani. Akatapika, akalalamika kichwa kinampasuka, hajui leo ni siku gani. Hospitali wakamwekea oksijeni, na Mungu alisaidia akarudi sawa. Mtoto alikuwa amelala chumba cha pili na mlango umefungwa, ndiyo maana nina mtu wa kunipigia simu.

Ngoja niwaeleze kama nesi. Mkaa ukiwaka ndani unatoa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina harufu wala rangi, na mkaa ukishakolea hata moshi huoni, kwa hiyo unaona uko salama. Inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka, ila mzigo iliobeba siyo. Unaumwa kichwa, unapata kichefuchefu, unasinzia, unahisi ni uchovu tu. Na kile kifaa tunachobana kidoleni kinaweza kusoma 98, kwa sababu hakijui kutofautisha. Ukimleta mgonjwa wa namna hii, sema mapema: alilala na jiko. Usisubiri tukuulize.

Sasa swali ambalo nilitakiwa kujiuliza mapema: kwa nini mama aliingiza jiko chumbani wakati sisi watoto wake tulimnunulia hita?

Kwa sababu nilimgombeza. Siku tatu kabla nilikuwa nimemwambia kwenye simu, "Mama, elfu kumi imeisha siku nne? Hiyo hita unaiwasha mpaka saa ngapi? Punguza." Akasema sawa mwanangu. Akapunguza.

Baada ya kutoka hospitali nililala kwake wiki nzima na daftari. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa sielewi, siyo yeye. Mita ya mama iko kwenye lile kundi la matumizi madogo la TANESCO. Uniti 75 za kwanza za mwezi bei yake ni shilingi 100, ukiweka kodi na tozo ni 122. Kuanzia uniti ya 76 bei ni 350, na makato juu inakuwa 427. Kwa hiyo ukiacha kodi ya jengo, elfu kumi ya mwanzo wa mwezi inampa uniti kama 77. Elfu kumi hiyohiyo akishavuka inampa 23 tu. Hita yetu ni ya wati 2,000, akiiwasha masaa matatu jioni ni uniti 6. Piga hesabu mwenyewe, 23 gawa kwa 6. Siku nne. Hakufuja kitu. Na mtu akizoea kuvuka 75 kila mwezi anahamishiwa kundi la kawaida, ambako kila uniti ni 356 na hizo za 122 anazisahau.

Kwa hiyo kwa mtu kama mama, kifaa kinachokula uniti 30 kwa mwezi kinakula hizo 30, halafu kinavisukuma na vingine vyote kwenye bei ya juu.

Tulivipima hivi, na wewe unaweza: soma salio la uniti kwenye mita, acha kifaa kimoja tu kinafanya kazi, soma tena. Friji nililipima usiku. Ni la mtumba, kaka alilitoa Dar kwa mbwembwe. Masaa kumi, uniti 0.6, na hapo ni Makambako mwezi wa sita, upepo nje unakata masikio. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea, ukibana karatasi na kuivuta inatoka bila ubishi. Karibu uniti 43 kwa mwezi za kupoza maziwa ambayo yangepoa dirishani. Likaondoka. Kaka alininunia mpaka mwezi wa nane.

Balbu nazo. Zilikuwa nne zile za njano, wati 60, zinawaka masaa matano: uniti 36 kwa mwezi. Tukaweka za LED za wati 9, ikawa kama 5 na nusu, na mwanga hakuna aliyelalamika. Ila ilibaki moja ya wati 100 bandani kwa vifaranga, usiku na mchana. Hiyo ni uniti 2.4 kila siku! Na huwezi kubadilisha na LED, kwa sababu kifaranga hataki mwanga, anataka joto. Fundi seremala wa jirani akatutengenezea boksi dogo lenye kuta mbili, katikati tukashindilia maranda (huku kwenye mbao maranda hatununui), tukaweka balbu ya wati 40. Vifaranga walikua vizuri tu.

Sasa maharage. Hapa nakaa kidogo maana ndipo nilipojifunza zaidi.

Mtu akitoka Dar kuja Njombe anashangaa maharage hayaivi. Siyo maharage. Tuko juu karibu mita 2,000, na huku maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi, hayafiki 100. Makambako ni chini kidogo lakini hadithi ni ileile. Unachochea, yanachemka, yanaruka ruka, lakini joto halipandi. Jiko la koili tulilompa mama lilikuwa linakaa karibu masaa matatu kwa nusu kilo, nikapima: uniti 2 na ushee. Nusu ya joto linaenda ukutani.

Nikanunua sufuria ya presha ya umeme, ile wengi mnaita preshakuka, kwa mshahara wa mwezi wa saba. Inafunga mvuke ndani, maji yanapanda juu ya digrii 100 hata ukiwa Kitulo, na imevaa koti kwa hiyo joto halitoki. Ikishafika presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Nusu kilo ileile: saa moja, uniti 0.4. Nilirudia kupima nikidhani nimekosea. Mama siku ya kwanza alisimama mlangoni, hataki kuisogelea, anasema itapasuka. Sasa hivi hataki mtu mwingine aiguse. Ugali haupiki humo, tusidanganyane, huo ni gesi ndogo.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono kwa mikono yote miwili, nimeona vifua vya wamama. Lakini wewe unayetaka kumpa bibi yako zawadi, usimpe jiko la koili ukadhani umemaliza. Atalitumia wiki mbili, LUKU itamtisha, atarudi kwenye mkaa kimyakimya na hatakwambia.

Joto la mwili ndilo lilitusumbua. Dukani utaambiwa kuna hita "inayokula umeme kidogo". Hita ya wati 1,000 kwa masaa mawili ni sawasawa na ya 2,000 kwa saa moja, joto ni lilelile, umepewa polepole. Tulichofanya ni kuacha kupasha chumba, tukapasha mtu. Mpira wa maji ya moto, lita mbili, hata uniti 0.2 haufiki. Mmoja miguuni, mmoja mgongoni, blanketi mbili, na nguo kuukuu imekunjwa chini ya mlango. Uvalishe mpira kitambaa, na maji yasiwe yanayochemka. Kama mzee wako ana kisukari, utoe kabla hajalala, kwa sababu nyayo zake zinaweza kuungua bila yeye kusikia. Hao pia huwa nawapokea.

Kilichobaki hakijapata dawa ni maji ya kuoga. Koili ya ndoo haina cha kuboresha, karibu umeme wote unageuka joto. Unachoweza kupunguza ni lita na digrii. Ndoo ya lita 20 ikichemka kabisa ni karibu uniti 2. Ukiitoa ikiwa ya kuoga tu, ni 0.7 hivi. Kwa hiyo acha kuchemsha halafu unachanganya nusu na kumwaga nusu. Na chomoa kwanza kwenye umeme ndipo uguse maji, tafadhali sana. Kaka (tumeshapatana) anataka tuweke mtambo wa maji moto wa jua juu ya bati. Mimi nasema hela hiyo kwanza izibe dari, upepo unaingia. Hapo bado tunabishana.

Mwezi uliopita mama alimaliza na uniti 61. Hita iko uvunguni, imefungwa kwenye mfuko. Jiko la mkaa liko kibarazani, anachomea mahindi. Nikimpigia jioni simuulizi tena umeme umeisha lini. Namuuliza, "Mama, jiko liko wapi?" Anajibu, "Liko nje, askari wangu, lala."

Sehemu ya 6 Jumapili nikiwa mapumziko.