Pumzi ya Mtoto na Daftari la Mama

Saa tisa za usiku kifua cha binti wa miaka saba kilikuwa kikilia kama filimbi, naye mama yake akikesha amemwegemeza mtoni ili apate kuvuta hewa. Asubuhi, walipofika kwa mganga, binti alikuwa akicheza. Akapewa kibomba akapuliza mara moja; mshale ukapanda vizuri, na mama akaambiwa kwamba mtoto hana pumu.

Kosa halikuwa la kibomba. Pumu ni maradhi ya kuja na kuondoka: njia za hewa hubana usiku, zikafunguka mchana. Pumzi moja ya saa nne asubuhi haiwezi kuifuta.

Kifaa hicho, ambacho Basil Martin Wright wa Uingereza alikieleza mwaka 1959, hupima kasi kubwa kabisa ya pumzi itokayo. Hutegemea mno bidii ya mpulizaji. Mwenye haya huonekana mgonjwa. Manufaa yake yamo katika kurudiwa. Kwa wiki mbili, asubuhi na jioni, mtoto hupuliza mara tatu na namba iliyo kubwa huandikwa. Ikiwa tofauti ya kutwa, kwa wastani, inazidi asilimia 13, hapana budi pumu ishukiwe.

Spirometa, ambayo asili yake ni kazi ya John Hutchinson wa London mwaka 1846, hueleza zaidi: ni hewa kiasi gani itokayo katika sekunde ya kwanza. Mtoto akivutishwa dawa ya kupanua njia za hewa, kisha kiasi hicho kikapanda kwa zaidi ya asilimia 12, huo ni ushahidi mzito. Lakini nayo yaweza kuonyesha uzima siku mtoto asipobanwa, tena aghalabu huwashinda walio chini ya miaka mitano.

Kwa hao wadogo iko njia ya mawimbi ya hewa, iliyoelezwa na DuBois na wenzake huko Marekani mwaka 1956. Mtoto hupumua kama kawaida tu, huku mkubwa akimshika mashavu yasitikisike. Hasara yake ni bei, na hospitali nyingi hazinayo.

Mama yule alinunua kibomba na daftari la shule. Jioni ziliandikwa 220, alfajiri 160, siku baada ya siku. Aliporudi, mganga alilisoma daftari kwanza, ndipo akamtazama mtoto.