Mlango wa upande wa kushoto

Kila asubuhi hapa Goma natoka na kaye na biki. Nachora wamama wanaouza sambaza, watoto wakichota maji ziwani, chukudu zikishuka na magunia ya makala. Hizo nazichora haraka, maana chukudu ikiteremka haikungoji.

Nyumbani nachagua mchoro mmoja, nauchonga juu ya soli ya kandambili iliyochakaa. Mpira maalum wa kazi hii ni ghali. Napaka wino, naweka karatasi, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Hiyo ndiyo mashini yangu.

Mwaka 2023, katika kambi ya Bulengo, mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi aliniomba nimchoree nyumba aliyoiacha. Alinieleza yote: mabati, jiko nyuma, mlango upande wa kushoto, mti wa avoka kulia. Nilichonga siku mbili. Nilipomletea, alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kaka, hapa si kwetu."

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anafundishwa: chapa inageuza. Mlango ulihamia kulia, avoka kushoto. Niliona haya. Mtu amepoteza nyumba, na mimi tena namgeuzia ile iliyobaki kichwani mwake!

Nikachonga upya. Safari hii alicheka, akaweka kidole pembeni ya mlango. "Na mbuzi? Tulikuwa tunamfunga hapa."

Mbuzi nilimwongeza kwa biki.